Kisu Hakitaugusa Mguu Huu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na suruali yangu imepasuka leo. Nilikuwa nimechuchumaa nafua, maana Jumatatu ndiyo siku yetu ya kufua, kununua vitu na kupiga simu nyumbani, mara nikasikia imechanika makalioni. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua kama anaweza. Kimoyomoyo namwita Saa, kwa sababu kila kitu chake kina wakati wake: kuamka, kusoma, kuomba, hata kukata kucha. Sisi wamisionari wa Kimormoni hatutembei peke yetu. Aendapo mmoja, na mwingine yupo. Ni kama nimefungishwa ndoa na saa ya ukutani.

Nimepania kuandika msimu huu wote wa mvua. Shajara yangu mpaka sasa ni aibu tupu: tumetembea, tumechoka, tumelala. Mtu ametoka nchi yake, amevuka mipaka kuja kuhubiri, halafu hana cha kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Tumempata fundi cherehani mtaa wa nyuma. Ana chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Yeye hukaa mbele ya cherehani ya kukanyaga, na mkewe hukaa nyuma yake akishona vifungo na mapindo. Fundi aliigeuza suruali yangu nje ndani, akatikisa kichwa, kisha akasoma kibandiko cha jina kifuani pangu. Kinaanza na neno Mzee. Ndivyo tunavyoitwa kanisani, hata ukiwa na miaka kumi na tisa kama mimi.

"Mke wangu, njoo uone maajabu," akasema. "Mzee mzima, ndevu hata moja hana, na keshapasua suruali."

"Mwache mtoto wa watu," mkewe akajibu. "Karibuni wazee, kaeni. Msimsikilize huyu."

Tulimwuliza kama tunaweza kumfundisha habari za Mungu. Akasema tuseme tu, masikio yake hayashoni. Basi tukasema, na yeye akashona, na kila tulipofika mahali pazuri cherehani ilinguruma ikameza maneno. Hata hivyo alisikia. Alituuliza maswali mawili ambayo Saa mwenyewe ilibidi ayafikirie.

Mguu wake wa kushoto umefungwa bandeji. Nilipomwuliza, alisema ana sukari, kidole kimepata kidonda, kitapona. Mkewe alikata uzi kwa meno.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna aliyetufungulia mlango. Soksi hazijakauka tangu Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi

Fundi na mkewe wamekuja kanisani! Yeye alichechemea mpaka kiti cha mbele, na ibada ilipoisha akaonyeshwa suruali nyeupe ambazo watu huazimwa siku ya kubatizwa. Alizishika kwa vidole viwili. "Aliyeshona hizi alikuwa na ugomvi nyumbani," akasema. "Mimi nikiingia majini kwenu, nitaingia na suruali yangu." Watu walicheka. Mimi nilisikia neno moja tu, nikiingia, na moyo ukaruka.

Hapa sijambatiza mtu bado. Wenzangu niliosafiri nao wamekwisha kubatiza, na picha wametuma.

Jumanne, 11 Machi

Nataka kuliandika hili kama lilivyokuwa, kabla sijaanza kulirembesha.

Tulimkuta fundi hashoni. Alikuwa amekaa na mguu juu ya kigoda, na mkewe akatuambia kwamba daktari ameuona ule mguu. Keshokutwa Alhamisi atakatwa vidole viwili, ili kidonda kisipande juu. Fundi alikuwa anatazama dirisha. Hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Wazee," mama huyo akasema, "nasikia kwenu mnawawekea wagonjwa mikono. Mwombeeni mwenzangu. Mwombeeni Alhamisi ipite salama, daktari afanye kazi yake vizuri, na huyu apunguze woga."

Hicho ndicho alichoomba. Nimekiandika neno kwa neno.

Kwetu kazi hiyo hufanywa na wawili. Mmoja hudondosha tone la mafuta yaliyobarikiwa utosini pa mgonjwa. Kisha wote wawili huweka mikono juu ya kichwa chake, na yule wa pili hunena baraka. Tulifundishwa vizuri kabisa: nena unachopewa. Usipopewa kitu, mwombe Mungu amfariji, sema amina, ondoa mikono. Saa alitia mafuta, kutoka kwenye kichupa anachokifunga pamoja na funguo zake. Mimi nikanena.

Nilianza vizuri. Niliomba amani. Kisha nikanyamaza kungoja, na hakikuja kitu. Nilisikia mvua, nikasikia mama akivuta pumzi, na kichwa cha fundi kilikuwa kinatetemeka chini ya viganja vyangu. Nikamwonea huruma. Hiyo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilipenda jinsi chumba kilivyonyamaza kikinisubiri mimi. Sijawahi kusubiriwa hivyo na watu wazima. Nikafumbua kinywa, na sauti yangu ikatoka nene kuliko ilivyo.

"Kisu hakitaugusa mguu huu," nikasema. "Na kabla mvua hizi hazijaisha, utakanyaga cherehani yako kwa miguu yote miwili bila maumivu."

Mikono ya Saa, iliyokuwa juu ya yangu, ikakakamaa. Nikasema amina. Mama alilia kwa sauti, akanibusu mikono yote miwili. Fundi alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi. Kama ndivyo, ndivyo."

Njiani Saa alitangulia mbele yangu mpaka tulipofika kwenye kona ya duka la vioo. Akasimama pale pale mvuani.

"Uliambiwa, au ulisema?"

"Niliambiwa," nikajibu.

Akatikisa kichwa taratibu kukubali. Saa hajui kusema uongo, na kwa hiyo hajui kuutambua. Nimelala kitandani sasa na mikono yangu bado inanukia yale mafuta. Labda niliambiwa. Nani anajua jinsi mtu anavyoambiwa? Labda huja hivyo hivyo, kama wazo lako mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi hakwenda hospitali.

Tulimkuta anashona, anapiga mluzi, mguu wa kulia peke yake ukifanya kazi. Amenunua kitambaa cheupe. "Suruali ya majini hiyo," akasema. "Mzee, lete kiuno chako nikupime na wewe, usije ukapasuka mbele ya Mungu." Mama alitupakulia chakula na nyama kubwa akaniwekea mimi. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi kutwa nzima, na usiku umeingia na furaha imekwisha.

Jumapili, 16 Machi

Habari zimeenea. Watu wazima wananishika mkono kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa kweli, mwenye mvi, ameniomba nimwombee macho yake. Nilisema nina haraka. Haraka ya wapi, Jumapili?

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia mama yangu simu. Nilikuwa nimeapa sitamwambia, na sentensi ya pili nikamwambia. Tena nikatia chumvi: nilisema nilihisi moto mikononi. Moto gani? Nikasikia anafuta pua. "Nimekuzaa wewe," akasema. "Mimi. Wewe." Jumapili atasimama kanisani awaambie watu wote.

Nikataka kumwambia asiseme. Nikamwambia anisalimie wadogo zangu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kutwa. Fundi ana homa kidogo, anasema ni baridi. Mguu umevimba na bandeji haifungiki vizuri.

Ijumaa, 21 Machi

Suruali nyeupe imeshonwa mpaka magotini. Chumba kina harufu. Mama amefungua dirisha ingawa mvua inaingia, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefanya jambo baya kuliko lile la kwanza. La kwanza lilinitoka. Hili nililifanya macho yakiwa wazi.

Tulipokuwa tunaondoka, Saa alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu, anazozifunga kwa utaratibu kama kila kitu chake. Mama akanivuta pembeni, karibu na rafu ya vitambaa. Alisema kwa sauti ya chini.

"Mzee, samahani, mimi si mtu wa kujua mambo haya. Kidonda kinanuka. Kimekuwa cheusi kwa pembeni. Ndivyo kinavyopona, au nimpeleke?"

Aliniuliza mimi, mwanamke wa umri wa mama yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayeogopa kunikosea adabu. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, wa kupita tu. Neno moja: mpeleke. Hata kama sikutaka kukiri chochote, ningeweza kusema mpeleke mama, haina ubaya, na uso wangu ungebaki safi. Kanisa letu halimzuii mtu kwenda hospitali. Katika masomo yote niliyosoma hakuna aliyenifundisha hivyo.

Lakini nikafikiri: akienda watakata, na wakikata, kila mtu atajua.

"Tuwe na imani, mama," nikasema.

"Haya," akasema. "Nisamehe kwa kuuliza."

Aliniomba msamaha yeye. Natamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 24 Machi

Mama yangu ameshasema. Watu walilia, anasema. Mwalimu wangu wa zamani ameomba anwani yangu aniandikie.

Jumanne, 25 Machi

Saa hali chakula. Nilifikiri anaumwa, kumbe anafunga kwa ajili ya fundi tangu juzi, na hakuniambia. Nilipomwuliza kwa nini amenificha, alikaa kitandani mkabala na mimi.

"Nimekuwa nikijiuliza kama imani yangu ndiyo inayozuia," akasema. "Wewe uliambiwa. Mafuta nilitia mimi. Basi kama kuna kasoro, iko kwangu."

Nilimwangalia, nikamwona jinsi alivyokonda mashavuni. Mtu huyu nimemcheka tangu tulipoanza kukaa pamoja, mambo yake ya kucha na ya viatu. Yeye ameniamini mpaka anajinyima chakula kutafuta kosa langu ndani yake. Nikajikaza, haikusaidia. Nikamwambia. Nilisema haraka haraka, nikitazama sakafu: sikuambiwa, nilisema.

Nilingoja anipige au alie. Alivaa viatu. Kwa mara ya kwanza hakufunga kamba.

"Si mimi wa kuambiwa," akasema. "Twende."

Tukaenda. Mlango ulikuwa umefungwa, jirani akasema mama ametoka kutafuta dawa ya homa na fundi amelala. Saa alitaka tubishe. Mimi nilisema tumwache apumzike, tutarudi asubuhi. Ona jinsi nilivyo. Hata nikiwa njiani kwenda kutubu natafuta pa kuchepukia.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi. Fundi alikuwa amelala kwenye godoro chini ya meza ya kukatia, akitetemeka, midomo imekauka. Suruali nyeupe ilining'inia msumarini, imebaki kupindwa tu. Mama alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni. Saa alisimama nyuma yangu, karibu kabisa, nadhani ili nisikimbie.

"Fundi, nina neno."

"Sema, Mzee." Sauti ilikuwa ndogo.

"Maneno yale, kwamba kisu hakitaugusa mguu. Sikuyapewa. Niliyasema mwenyewe. Nenda hospitali, tafadhali. Twende sasa hivi, tutakubeba."

Mama aliacha kukamua. "Unasemaje?"

"Niliyatunga, mama."

"Uliyatunga." Alilirudia neno lile taratibu. "Nilikuuliza. Jumamosi nimesimama pale nikakuuliza kwa kinywa changu. Ukaniambia imani."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuomba msamaha!"

Alinitazama, na niliona heshima yote aliyokuwa nayo kwangu ikimtoka usoni, na chini yake palikuwa na mama mchovu anayemtazama kijana mpumbavu. Hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akamwambia Saa, "Wewe, shika miguu. Mimi nitashika mabega." Mimi hakuniita kitu. Nilikwenda kutafuta teksi, nikasimama katikati ya barabara mvuani nikipunga mikono kama mwendawazimu, mpaka moja ikasimama kwa sababu isingeweza kupita.

Ijumaa, 28 Machi

Wamekata chini kidogo ya goti.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Mama alimwuliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa: angekuja siku ile aliyoambiwa, ingekuwaje? Daktari akatazama makaratasi yake. "Vidole viwili," akasema. "Angekuwa anatembea." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jumamosi, 29 Machi

Tuliruhusiwa kumwona. Mama alitoka tulipoingia. Nilisema nilichoweza kusema, na sikumaliza.

"Nyamaza basi, utaamsha wodi," fundi akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile. Ulianza kuomba kama mtoto mwenye adabu, halafu sauti ikapanda kama ya muuza mitumba. Nikasema, huyu sasa anauza." Alifumba macho. "Lakini mimi kisu nakiogopa tangu utoto. Wewe ukanipa pa kujificha, nikajificha. Sote wawili tulikuwa na makosa. Aliyekuwa anasema ukweli ndani ya kile chumba ni mke wangu peke yake, na hakuna aliyemsikiliza."

Nilitaka maneno hayo yanipunguzie mzigo, na nadhani ndiyo sababu aliyasema. Hayakunipunguzia. Yeye aliogopa akiwa mgonjwa. Mimi nilikuwa mzima.

Jumatatu, 31 Machi

Simu mbili. Ya kwanza kwa rais wa misheni, aliye juu yetu sote. Nilimweleza yote, pamoja na ile Jumamosi. Nilitumaini atanirudisha nyumbani. Alisikiliza, akaniuliza kama fundi ana mtu wa kumsaidia, kisha akasema, "Kuwekea watu mikono si cheo chako, kijana wangu. Utabaki hapo hapo, uwe unapita mbele ya nyumba hiyo." Kurudishwa kungekuwa rahisi zaidi.

Ya pili kwa mama yangu. Nilimweleza kwamba ule moto haukuwepo, wala maneno yale sikuyapewa.

"Na mimi nimeshawaambia watu," akasema.

"Najua, mama."

"Nitasimama tena Jumapili." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nitawaambia. Kula vizuri."

Atasimama mbele ya watu wale wale kwa ajili yangu. Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi, na Saa akajifanya hasikii.

Jumapili, 6 Aprili

Nilisimama kanisani nikasema mwenyewe. Leo hakuna aliyenishika mkono kwa mikono miwili. Yule mzee wa macho alinigonga begani kwa fimbo yake, akapita.

Alhamisi, 10 Aprili

Fundi karudi nyumbani. Tumechota maji, tumeyaacha mlangoni. Mama aliyachukua baada ya sisi kuondoka; niliona kutoka kwenye kona.

Jumanne, 15 Aprili

Maji tena, na mkaa. Saa amenifundisha kufunga kamba za viatu zisifunguke. Nilikuwa nazifunga vibaya maisha yangu yote.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua imekuwa ya jioni tu. Nguo zimekauka. Mama yangu ameongea nami kama zamani, karibu.

Jumamosi, 26 Aprili

Kumekucha bila wingu. Tulikuwa tunaweka ndoo mlangoni, mlango ukafunguliwa. "Ingieni," mama akasema, akatupa mgongo.

Fundi alikuwa kwenye kiti chake mbele ya cherehani. Amepungua, shati linamwelea. Suruali nyeupe ilikuwa imetandazwa juu ya meza. Mama alichukua mkasi mkubwa, akapima kwa kiganja kutoka gotini, akaukata mguu wa kushoto wa suruali. Kitambaa kilitoa sauti ndefu. Kipande kilianguka sakafuni karibu na kiatu changu, na sikujua kama niokote au niache.

"Utaivaa wapi hiyo?" akamwuliza mumewe.

"Nitajua nikishajua. Nguo haiachwi bila pindo." Kisha akatutazama, mimi na Saa. "Na ninyi msiniulize."

Zamani ningeuliza. Ningetaja na tarehe ya ubatizo. Saa alinyamaza, na mimi nikanyamaza.

Fundi akaingiza kitambaa chini ya sindano, akajaribu kukanyaga kwa mguu mmoja. Kiti kikayumba, akashika meza. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka. Akamgeukia mkewe, na mkewe alikuwa amesimama kando amekunja mikono.

"Akanyage yeye," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Hapakuwa na nafasi ya kiti cha pili. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza, nikaweka viganja vyangu vyote viwili juu ya ubao wa kukanyagia. Mguu uliobaki wa fundi ulikuwa upande mmoja. Upande wa pili, karibu na uso wangu, palikuwa na bandeji safi na pini mbili.

Nikasukuma. Gurudumu likarudi nyuma na uzi ukakatika. Juu yangu nikasikia fundi akitunga uzi upya, taratibu, bila kuguna. Nikasukuma tena, na tena ukakatika.

"Unanitangulia, Mzee," fundi akasema. "Usinitangulie. Ngoja uambiwe."

Nikangoja.